Dawa Moja au Mbili? Mwongozo wa Kuchanganya Antibiotiki kwa Mgonjwa wa ICU Mwenye Bakteria Sugu

Kila wanapoingia wapya kwenye wodi ya wagonjwa mahututi (ICU), maswali ni yaleyale. "Niongeze meropenemu juu ya kolistini?" "Klebsiella huyu ni sugu, nimpige kwa dawa mbili au tatu?" "Nikiondoa moja halafu mgonjwa akazidiwa, lawama ya nani?" Nimeyajibu kando ya kitanda, nimeyajibu kwa simu usiku wa manane, na sasa nayaandika ili nikipigiwa tena niseme: kasome kwanza.

Mwongozo huu ni wa daktari, mfamasia au muuguzi anayeanza kazi ICU. Dozi zilizomo ni za mtu mzima mwenye figo zinazofanya kazi vizuri. Kabla ya kuandika chochote kwenye chati, zilinganishe na mwongozo wa hospitali yako. Kama wewe ni ndugu wa mgonjwa, humu utapata maswali ya kumuuliza daktari, si dawa za kwenda kununua.

Shika jambo moja tu la nadharia. Kuchanganya antibiotiki ni kazi mbili tofauti zinazofanana kwa sura. Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya majibu ya maabara: humjui bakteria, kwa hiyo unatupa nyavu mbili ili angalau mmoja umnase. Kazi ya pili hufanyika baada ya majibu: bakteria unamjua kwa jina, na unataka kumpiga kwa dawa mbili kwa pamoja. Ya kwanza ina mantiki iliyo wazi. Ya pili ina faida katika hali chache tu. Matatizo mengi ninayoitiwa yameanzia hapo: nyavu mbili zilitupwa Jumatatu, majibu yakaja Alhamisi, na hadi Jumatatu nyingine hakuna aliyeuliza kwa nini wavu wa pili bado uko majini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uzito wa mgonjwa, uliopimwa au uliokadiriwa kwa makini. "Kama kilo 70 hivi" kwa kila mtu si uzito.
- Kreatinini (kipimo cha damu kinachopanda figo zikichoka) ya leo na ya jana, pamoja na kiasi cha mkojo kwa saa.
- Majibu yote ya kuotesha vimelea ya miezi 6 iliyopita, hata ya wodi nyingine.
- Orodha ya antibiotiki alizotumia miezi 3 iliyopita.
- Takwimu za usugu za ICU yenu yenyewe. Za hospitali nzima hukupa matumaini ya bure.
- Orodha ya dawa nyingine anazotumia, hasa za kifafa.
- Namba ya simu ya maabara, na jina la mtu atakayeipokea usiku.

Hatua ya 1. Hakikisha bakteria ni mvamizi, si mpangaji

Mgonjwa aliyekaa siku kumi kwenye mashine ya kupumulia huwa na bakteria kwenye mpira wa hewa. Ukiotesha makohozi yake, Acinetobacter anaweza kuota hata kama mapafu hayana shida mpya. Huyo ni mpangaji. Jiulize: kuna homa mpya? Mahitaji ya oksijeni yamepanda? Makohozi yamegeuka usaha? Eksirei ya kifua ina doa jipya? Presha inashuka? Kama yote ni hapana, usitibu karatasi ya maabara. Mkojo wa mtu mwenye katheta nao ni hivyohivyo.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa figo nyingi kuliko zote zinazofuata.

Hatua ya 2. Chukua sampuli, kisha dawa

Damu seti mbili, kutoka sehemu mbili tofauti, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Futa kizibo cha mpira kwa spiriti na ukiache kikauke. Kifuniko cha plastiki kilichokuwa juu yake si uthibitisho kwamba kizibo ni safi. Ongeza sampuli ya mahali unapopashuku: makohozi ya ndani, mkojo uliotolewa kwenye katheta mpya, usaha wenyewe badala ya pamba iliyopanguswa juu ya kidonda.

Onyo: mgonjwa akiwa kwenye shoki (presha imeporomoka, viungo havipati damu ya kutosha), antibiotiki iingie ndani ya saa 1. Mishipa ikikataa, usikae ukiitafuta damu huku saa inakwenda. Chukua unachopata, anza dawa.

Hatua ya 3. Chagua nyavu zako

Kwa mgonjwa mwenye shoki na sababu ya kushuku bakteria sugu wa Gramu hasi (kundi la kina Klebsiella, Acinetobacter na Pseudomonas), dawa ya kwanza huwa ya jamii ya beta-laktamu (ukoo wa penisilini, meropenemu ikiwemo), ile ambayo takwimu za wodi yenu zinaonyesha bado inafanya kazi. Ya pili itoke jamii nyingine kabisa: amikasini, au polimiksini (jamii ya kolistini) pale ambapo usugu kwa meropenemu ni jambo la kila siku. Ukiogopa MRSA (Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini), ongeza vankomaisini au lainzolidi. Kama mgonjwa hana shoki wala historia ya bakteria sugu, mara nyingi dawa moja iliyochaguliwa vizuri inatosha kusubiri majibu.

Makosa ninayoyaona hapa:

Meropenemu pamoja na piperasilini-tazobaktamu, eti "kwa usalama". Zote mbili zinagonga mlango uleule. Hujaongeza wavu, umeongeza gharama na chumvi.

Kumpa mgonjwa dawa ambayo bakteria ana usugu nayo wa asili. Kolistini haiwagusi Proteus, Serratia, Morganella na Providencia. Taigesaiklini haimgusi Pseudomonas. Fosfomaisini haimgusi Acinetobacter. Yaandike haya matatu kwenye kadi, uyabandike nyuma ya kitambulisho chako.

Vankomaisini na piperasilini-tazobaktamu kwa pamoja bila kufikiri. Kreatinini hupanda kwa wengi zaidi kuliko vankomaisini ikitolewa na meropenemu au sefepimu.

Na hili la dawa za kifafa: meropenemu hushusha kiwango cha valproeti kwenye damu ndani ya siku moja, na kuongeza dozi ya valproeti hakusaidii. Mgonjwa aliyetulia jana anaanza degedege leo, watu wanakimbilia kupiga picha ya kichwa. Ukilazimika kutumia meropenemu, badilisha dawa ya kifafa kwanza.

Hatua ya 4. Dozi ya kwanza iwe kamili

Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyovuruga viungo vya mwili) amejaa maji ya dripu, na dawa inatawanyika mwilini kama sukari kwenye pipa. Dozi ya kwanza inajaza pipa. Figo hazihusiki bado. Kwa hiyo dozi ya kwanza haipunguzwi kwa sababu ya kreatinini. Amikasini kwa mgonjwa mahututi: miligramu 25 hadi 30 kwa kilo. Vankomaisini: miligramu 20 hadi 35 kwa kilo. Dozi zinazofuata ndizo utakazozipanga kwa figo.

Kolistini nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo inayotuumiza zaidi, na ubaya wake unaanzia kwenye lebo. Dawa ileile huandikwa kwa namna tatu: kichupa kimoja kinahesabu yuniti, kingine kinahesabu miligramu za kolistimethati (umbo la dawa linalogeuka kolistini mwilini), cha tatu kinahesabu miligramu za kolistini yenyewe. Dozi ya kuanzia ya mtu mzima ni yuniti milioni 9. Hizo ni takriban miligramu 720 za kolistimethati, na ni takriban miligramu 300 za kolistini yenyewe. Ukiwa na vichupa vya yuniti milioni 1, ni tisa. Ukiwa na vichupa vilivyoandikwa kolistini miligramu 150, ni viwili tu.

Usiku mmoja nilimkuta muuguzi amepanga vichupa vitano vya miligramu 150 kwenye trei, sirinji mkononi. Chati ilisema "kolistini mg 720", na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa alichoandikiwa. Aliyeandika alinakili namba kutoka kitabu kinachohesabu kolistimethati. Mgonjwa angepata mara mbili na nusu ya dozi yake. Kosa la namna hii limewahi kuua. Tangu hapo siandiki kolistini kwa miligramu. Naandika yuniti, kwa maneno na kwa tarakimu, na mfamasia ananisomea lebo kabla kichupa hakijafunguliwa.

Dozi ya kuendelea ni yuniti milioni 4.5 kila baada ya saa 12 kwa figo nzima, ikianza saa 12 baada ya ile ya kwanza. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa kwa jedwali. Polimiksini B ni dada yake, lakini tabia ni tofauti: haipunguzwi kwa ajili ya figo, na haifai kwa maambukizi ya mkojo kwa sababu ni kidogo sana inayofika huko.

Hatua ya 5. Tumia saa, si dozi tu

Beta-laktamu huua kwa kadiri inavyokaa juu ya kiwango kinachohitajika, kwa hiyo usiisukume kwa dakika tano ukaondoka. Dozi ya kwanza ya meropenemu ipite ndani ya dakika 30 ili isichelewe. Zinazofuata, gramu 2 kila baada ya saa 8, kila moja ipite polepole kwa saa 3 kwenye pampu.

Muuguzi aulizwe kwanza kama mgonjwa ana njia za kutosha kwenye mshipa. Nimeona meropenemu ya saa 3 ikisimamishwa mara nne kupisha dawa nyingine, na chati bado inasema "imetolewa".

Amikasini ni kinyume chake: dozi moja kubwa kwa siku, ndani ya dakika 30 hadi 60.

Hatua ya 6. Majibu yakija, soma namba

Karatasi inayosema "sugu" au "sikivu" peke yake haitoshi. Uliza MIC, yaani kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria kukua. Meropenemu yenye MIC ya 8 kwa dozi kubwa ya saa 3 bado inaweza kuwa na kazi kama mwenza wa dawa nyingine. Yenye MIC ya 64 ni maji ya bomba. Uliza pia bakteria anatengeneza kimeng'enya gani cha kuharibu dawa: KPC, OXA-48 au NDM. Jibu la swali hilo linabadilisha matibabu yote.

Kwa kolistini, uliza walipimaje. Kipimo cha vidonge vya karatasi kwenye sahani hakiaminiki kwa dawa hii, kwa kuwa haisambai vizuri kwenye jeli. Kipimo kinachokubalika ni cha kuipunguza dawa hatua kwa hatua ndani ya mchuzi wa kuoteshea.

Hatua ya 7. Amua upya: dawa ya pili ibaki au iondoke?

Hapa ndipo kazi ya kwanza inapoisha. Usiendelee kwa mazoea. Angalia aliyeota.

*Klebsiella au E. coli mwenye KPC au OXA-48.* Kama seftazidimu-avibaktamu ipo na vipimo vinasema inafanya kazi, itumie peke yake. Kuongeza amikasini au kolistini juu yake hakujaonyesha kuokoa maisha zaidi, ila sumu yake utaiona. Kama huna dawa hizo mpya na umebaki na kolistini, taigesaiklini, amikasini na fosfomaisini, basi mgonjwa aliye hoi apewe mbili zilizothibitishwa kufanya kazi. Ushahidi wa hilo umetokana na kufuatilia wagonjwa, si majaribio yanayogawa wagonjwa kwa kura, lakini kwa walio hoi zaidi umeelekea upande mmoja.

*Mwenye NDM.* Hapa mchanganyiko una sababu ya kikemia, na ndio ninaoupenda kuliko yote kwa jinsi unavyoeleweka. NDM hawezi kuivunja aztreonamu. Shida ni kwamba bakteria huyo karibu kila mara hubeba vimeng'enya vingine vinavyoivunja. Avibaktamu inavifunga mikono hivyo vingine, aztreonamu inapita. Kwa hiyo unatoa seftazidimu-avibaktamu na aztreonamu, na lazima ziingie kwa wakati mmoja. Ukitoa moja asubuhi na nyingine jioni, mlinzi anafika mwizi ameshaondoka.

*Acinetobacter baumannii sugu kwa meropenemu.* Swali la kolistini na meropenemu limeshajibiwa. Jaribio la AIDA la mwaka 2018, lenye wagonjwa 406 wa Italia, Ugiriki na Israeli, wengi wao wakiwa na Acinetobacter, lililinganisha kolistini peke yake na kolistini pamoja na meropenemu. Hakukuwa na tofauti. Jaribio la OVERCOME la 2022 likafika hapohapo. Rifampisini nayo ilijaribiwa juu ya kolistini mwaka 2013: vifo havikupungua. Kama dawa ya pili haimgusi bakteria, usiihesabu kuwa dawa ya pili.

Kinachopendekezwa sasa ni kujenga juu ya sulbaktamu. Sulbaktamu-durlobaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hutolewa pamoja na imipenemu. Pasipo hiyo, ampisilini-sulbaktamu kwa dozi kubwa inayofikisha gramu 9 za sulbaktamu kwa siku, ikisindikizwa na dawa nyingine inayofanya kazi kama polimiksini, minosaiklini au taigesaiklini. Piga hesabu: kichupa cha gramu 3 kina gramu 1 tu ya sulbaktamu, kwa hiyo ni vichupa tisa kwa siku. Mfamasia ajue mapema, la sivyo stoo itaisha siku ya tatu.

*Pseudomonas sugu.* Dawa moja inayofanya kazi, dozi kubwa, saa nyingi. Ya pili iondoke vipimo vikishathibitisha.

*MRSA kwenye damu.* Kuongeza beta-laktamu juu ya vankomaisini kulijaribiwa kwenye CAMERA2. Jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu figo za wagonjwa ziliumia zaidi, na vifo havikupungua. Kama MRSA yuko kwenye mapafu usitumie daptomaisini: utelezi wa ndani ya mapafu unaizima.

Hatua ya 8. Toa chanzo

Jipu litobolewe, laini ya zamani ya mshipani itolewe, katheta ibadilishwe, tumbo lifunguliwe kama linavuja. Hakuna mchanganyiko unaotibu usaha uliofungiwa.

Hatua ya 9. Fuatilia sumu kila asubuhi

Kreatinini kila siku kwa anayetumia kolistini, amikasini au vankomaisini. Amikasini: pima kiwango kilichobaki kwenye damu kabla ya kurudia, au angalau subiri kreatinini ya asubuhi. Fosfomaisini ya mshipani: kila gramu ina sodiamu ya milimoli 14 hivi, na potasiamu hushuka, angalia zote mbili, na uwe mwangalifu na mwenye moyo uliochoka. Taigesaiklini: fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) na kongosho. Lainzolidi: chembe sahani, hasa ikipita siku 10. Mgonjwa wa kolistini aliye macho akilalamika ganzi kuzunguka mdomo, msikilize, na uangalie nguvu za misuli ya kupumua kabla ya kumtoa kwenye mashine.

Hatua ya 10. Andika tarehe ya kuacha siku unayoanza

Nimonia ya mashine ya kupumulia: siku 7 au 8 kwa anayeendelea vizuri. Bakteria wa Gramu hasi kwenye damu, chanzo kikiwa kimeondolewa: siku 7. Jaribio la BALANCE lenye wagonjwa zaidi ya 3,600 halikuona hasara ya siku 7 mbele ya 14. MRSA kwenye damu ni habari nyingine: siku 14 ndiyo kima cha chini, na wengi huhitaji wiki 4 hadi 6.

Mambo yakikwama

*Siku ya nne homa bado ipo.* Usiongeze dawa ya tatu kwanza. Tafuta chanzo ambacho hakijatolewa. Angalia kama dozi zilifika kweli. Fikiria fangasi, damu iliyoganda mguuni, na homa inayoletwa na dawa zenyewe. Na kama ni kijana wa ajali mwenye kreatinini ndogo mno, huenda figo zake zinaifukuza dawa kwa kasi. Zikisafisha damu kwa kasi inayozidi mililita 130 kwa dakika, dozi za kawaida zinapungukiwa.

*Kreatinini imepanda maradufu kwenye kolistini.* Ondoa kwanza visivyohitajika: diklofenaki, amikasini iliyosahauliwa, vankomaisini isiyo na kazi. Panga upya dozi. Kama kuna dawa nyingine inayomgusa bakteria, hamia huko. Kama haipo, figo zinaweza kusaidiwa kwa mashine. Usiache tiba pekee inayofanya kazi kwa hofu ya namba.

*Figo zimedorora siku ya kwanza ya sepsisi.* Kwa beta-laktamu usikimbilie kupunguza. Mara nyingi figo zilizoshtuka huamka ndani ya saa 48, na wakati huo ulishamnyima dozi alipoihitaji zaidi.

*Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kusafisha damu mfululizo.* Mashine huondoa kolistini nyingi, na anaweza kuhitaji dozi kubwa kuliko mwenye figo zake. Mpigie mfamasia kabla ya kukata dozi kwa mazoea.

*Maabara wamesema sugu kwa kila kitu.* "Kila kitu" maana yake ni kila walichokuwa nacho siku hiyo. Uliza walipima dawa gani, waombe waongeze fosfomaisini, minosaiklini, na aztreonamu pamoja na avibaktamu, na bakteria atunzwe asitupwe.

*Kuharisha kumeanza.* Fikiria Clostridioides difficile, pima, na ujiulize tena kama kila antibiotiki iliyo kwenye chati bado ina kazi.

*Mkuu wa wodi anaogopa kuondoa dawa ya pili.* Usibishane kwenye raundi mbele ya watu. Mpelekee majibu mkononi, mwonyeshe MIC na kreatinini ya siku tatu, kisha pendekeza hivi: tuiondoe leo saa nne asubuhi, tumwangalie saa 48, mgonjwa akiyumba tunairudisha. Andika sentensi hiyo kwenye faili pamoja na saa, na zamu ya usiku iambiwe kwa mdomo, kwa sababu wao ndio watakaoirudisha saa nane usiku homa ikigusa 38.